Yama Apata Uso

Alice alikuwa na tabia moja iliyomtia Faiza tumbo joto. Hadithi ikisomwa, hakuitazama picha wala hakumtazama msomaji. Alitazama miguu ya watoto.

"Uso una adabu," alimwambia Faiza walipokutana mara ya kwanza. "Mtoto ameshafundishwa kumchekea mgeni hata akiwa amechoka. Miguu hakuna aliyeifundisha."

Ni kwa miguu hiyo Alice, mhariri wa nyumba ndogo ya uchapishaji mjini Saint Paul, alichagua vitabu vyake vya katuni. Kila mwaka alitoa kitabu kimoja tu cha msanii mgeni. Mwenye kuitaka nafasi hiyo alikwenda naye siku ya Jumamosi kwenye maktaba moja ya Maplewood. Watoto walivua mabuti yao ya theluji mlangoni, wakaketi zuliani na soksi zao, kurasa zikarushwa ukutani kwa projekta, na hadithi ikaanza. Sheria ilikuwa moja: mtoto anayetaka kuondoka asizuiwe.

Sasa Faiza alikuwa amesimama kando ya ukuta huo, roho juu, akisoma kwa Kiingereza hadithi ambayo yeye aliisikia kwa Kiswahili, na mambo yalikuwa yakienda vizuri kupita alivyotarajia. Watoto walimpenda Savitri, binti mfalme aliyewakataa wanaume wote wenye majumba yao akamchagua Satyavan, mkata kuni, mwana wa mfalme kipofu aliyenyang'anywa nchi. Hata alipoambiwa na mtabiri kwamba kijana huyo atakufa mwaka haujaisha, alisema basi ni huyo huyo. Faiza alikuwa amemchora na sari nyekundu na mabuti ya theluji, kwa sababu msitu pekee aliowahi kuutembea ulikuwa wa huku Minnesota, wenye miti mieupe isiyo na jani, na hakutaka kuchora asichokijua. Watoto walipoyaona mabuti yale waligeuka kuangalia yao mlangoni, wakacheka.

Kisha ukafika ukurasa wa Yama. Satyavan anaumwa kichwa, anakilaza mapajani mwa mkewe, na Yama, mungu wa mauti, anatokea kati ya miti juu ya nyati mweusi, kamba mkononi, kuja kuichukua roho ya kijana. Faiza alikuwa ameutolea jasho ukurasa ule. Ndio aliojivunia kuliko yote.

Miguu ikaanza kuondoka. Wa kwanza kunyanyuka alikuwa msichana wa mstari wa mbele mwenye soksi za njano. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye tangi la samaki, akaupa ukuta mgongo. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila kelele, na hilo ndilo baya zaidi, maana mtoto anayepiga kelele angalau unajua bado yupo. Faiza alipolifikia neno la mwisho, zulia lilibaki na watoto watatu, na mmoja wao alikuwa amelala.

Lililomuuma hasa ni kwamba yule mwenye soksi za njano hakuwa mtoto wa mtu baki. Alikuwa Mira, mjukuu wa Bi Pushpa, na ni Bi Pushpa aliyemsimulia Faiza hadithi yenyewe.

Alice hakumficha. "Mwanzo miguu ilitulia kama imegundishwa," alisema akivaa koti. "Halafu akaja yule wa kwenye nyati. Msanii wa Jumamosi ijayo amejitoa, chukua nafasi yake ukitaka. Ikishindikana, mpaka mwakani."

Bi Pushpa alikuwa Mhindu wa Mombasa, mzaliwa wa Bondeni, na Kiswahili chake kilikishinda hata cha Faiza aliyezaliwa Kibokoni, huko huko Mombasa. Enzi zake mumewe alikuwa na duka la vitambaa, na jioni yeye aliketi barazani akiwasimulia watoto wa mtaa hadithi za miungu yake. Watoto wenyewe walikuwa mchanganyiko, wa kila dini na kila rangi, kwa hiyo hadithi zilizoea kwenda kwa Kiswahili, zikazoea hasa, hata zikawa hazitaki tena lugha nyingine. Uzeeni mwanawe akamleta Golden Valley, kwenye nyumba kubwa yenye joto la kutosha na isiyo na mtu wa kuzungumza naye. Mira alielewa karibu kila alichoambiwa na nyanyake, ambaye kwa Kigujarati alimwita Ba, na kila alichoambiwa alikijibu kwa Kiingereza.

Faiza na bibi huyo walikutana dukani. Faiza alikuwa akisomea sanaa chuoni, na saa alizopata aliuza dukani kwa ami yake Abdulghani, chini ya maghorofa ya Cedar-Riverside. Bi Pushpa aliletwa na mwanawe kununua ukwaju, akamsikia mtu akigomba kwa Kimvita nyuma ya magunia ya mchele, akausahau ukwaju. Tangu siku hiyo Faiza alikuwa akipanda basi kila Jumapili kwenda Golden Valley na tableti yake ya kuchorea. Bibi alisimulia, yeye akachora, na chai ilimwagwa na kupikwa upya kwa sababu wote wawili waliisahau jikoni.

Jumapili ile alikwenda amejiinamia.

"Nimekuharibia hadithi yako, Bi Pushpa."

"Keti kitako kwanza." Bibi alimsogezea kikombe. "Nimemuuliza Mira kwa nini aliondoka. Wajua alivyonambia? Asema yule mtu hana macho. Mtu asiye na macho humwombi kitu."

Faiza akaufungua ukurasa. Ni kweli. Yama wake alikuwa na joho, alikuwa na kamba, na nyati wake alichorwa mpaka vinyweleo vya masikio. Lakini pale penye uso palikuwa na mwanga mweupe mtupu. Hata siku moja hakujiuliza kwa nini. Tangu madrasa alijua kwamba malaika hachorwi uso, na huyu anayekuja kutoa roho yeye alimjua kwa jina jingine, Izraili, ambaye akishafika hana mazungumzo na mtu. Mkono ulikuwa umejiamulia bila kumshauri mwenyewe.

"Kumchora uso siwezi, Bi. Nahisi vibaya."

"Izraili wako usimguse, wala mimi simgusi. Lakini huyu si wako, mwanangu. Huyu ni wangu." Bi Pushpa aligonga kioo cha tableti kwa ukucha. "Na wangu ana uso. Ana masharubu. Savitri amfuata njia nzima akisema naye, amsifu, amlegeza, amfunga kwa maneno yake mwenyewe. Sasa kama hana uso, amshike wapi?"

Faiza akautazama tena ule mwanga mweupe. Alikuwa ameitafsiri hadithi nzima ya mwanamke anayejadiliana na mauti, kisha akamweka ajadiliane na taa.

Bi Pushpa akapunguza sauti, ingawa Mira alikuwa ghorofani. "Tangu nilazwe hospitali, yule mtoto huja usiku kunisikiza kama napumua. Adhani nimelala. Nataka aione hadithi hii mpaka mwisho wake, tena aione kitabuni, akishike. Huyo mama asema mwakani? Mimi mwenyewe sina neno, lakini moyo wangu haujaahidi mwakani."

Faiza alirudi nyumbani na maneno hayo, na toka hapo hakulala vizuri. Alichora nyuso. Yama wa kwanza alifanana na daktari wa meno. Wa pili alikuwa mtu wa kwenye leseni ya kuendeshea gari. Wa tatu alitisha kweli kweli, lakini hata Savitri mwenye maneno yake yote asingethubutu kumwambia habari za asubuhi. Zilikuwa zimebaki siku chache kufikia Jumamosi, na mauti alikuwa bado hana sura.

Katikati ya wiki Bi Pushpa alikuja dukani na fimbo yake, mwanawe akingoja garini.

Hapa inafaa kumjua Abdulghani. Alikuwa mtu wa miraba minne, masharubu mazito, tumbo limetangulia, na asubuhi akifungua duka aliukunja uso makusudi ili wateja wasimzoee. Hawakuacha kumzoea. Nyuma ya kaunta alitundika mbuzi ya kukunia nazi, ya mti, iliyolainika kwa kukaliwa, ambayo mamake marehemu aliitumia Mombasa maisha yake yote. Kina mama wengi walishaitaka. Wote waliambulia kuitazama.

"Abdulghani, nauliza tena habari ya ile mbuzi," alisema Bi Pushpa.

"Na mimi najibu tena, Bi. Omba chochote humu dukani, isipokuwa mbuzi ya mamangu." Akashika njia kwenda kupanga makopo.

Bi Pushpa akamfuata, fimbo ikigonga sakafu. "Haya. Mamako alikulea, Mungu amrehemu. Mtu anayetunza kiti cha mamake hivi hawezi kumnyima mzee nazi."

"Chukua nazi."

"Mbili?"

"Chukua mbili, Bi, nenda zako salama." Akahama, akaenda kwenye friji za samaki.

Fimbo ikamfuata. "Lakini mkono wangu huu hauwezi tena kukuna. Mwenye roho kama yako angenipa zilizokunwa."

"Zitakunwa," alisema Abdulghani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Abdulghani akisifiwa, alitia nyongeza. "Faiza atakukunia."

"Na kila nitakapohitaji?"

"Kila utakapohitaji." Alikuwa sasa amefika mlango wa stoo, na hapakuwa na pa kuhamia tena.

"Na nikiwa siwezi kuja, nimelala na moyo wangu huu, zikunwe kwangu? Jikoni, mbele ya macho yangu. Wajua nazi ya jana si nazi."

"Zitakunwa jikoni kwako. Nimeshasema," akajibu haraka, kama mtu anayefunga biashara kabla mteja hajabadili nia.

"Kwa kijiko?" akauliza Bi Pushpa.

Abdulghani alisimama. Faiza alikuwa kwenye mizani na mfuko wa kunde mkononi, na aliyaona yote. Nyusi za ami yake zilibaki zimekunjana vile vile. Chini ya masharubu mdomo ulijaribu kukaza, ukashindwa, na machoni ukaingia mwanga wa furaha, furaha ya mfanyabiashara aliyeshindwa kihalali na mtu anayejua kazi. Alikuwa amekasirika na amefurahi kwa wakati mmoja, na tumbo lilikuwa limeanza kutikisika. Akaenda nyuma ya kaunta, akaitungua mbuzi.

"Nakuazima, Bi Pushpa. Nakuazima, sikupi."

"Kwani nani kataka kupewa?" Bibi akaikumbatia kifuani. Akipita mizani alimtupia Faiza jicho, na mpaka leo Faiza hajui kama safari ile ilikuwa ya nazi au ya somo.

Aliziacha kunde zimwagike. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akajifungia humo na tableti, akachora akiwa amesimama, na mkono ukawa unakimbia mbele yake. Nyusi, masharubu, tumbo, yale macho. Alipomaliza akamwangalia Yama, na Yama akamwangalia yeye kama anayeuliza haya, na wewe wataka nini? Faiza akacheka peke yake mle chooni mpaka mteja akabisha mlango kuuliza kama kuna mtu mgonjwa. Usiku huo alizichora upya kurasa zote za mauti, na nyati akampa pua iliyobonyea ya vani jeusi la ami yake.

Wazo la kumwomba ruhusa mwenye uso lilimjia. Kuuliza si ujinga, lakini kuna majibu ambayo mtu hayataki mapema. Alijiambia kwamba Abdulghani hajui hata maktaba ile iko wapi.

Jumamosi asubuhi simu ililia. Mwanawe Bi Pushpa alikuwa ameitwa kazini ghafla, na kwenda Maplewood bila gari ni kujitafutia mateso. "Usijali," alisema Bi Pushpa, "nishapata mtu wa kutupeleka." Faiza aliteremka ngazi mbio, begi begani, na pale chini akakuta vani jeusi linanguruma, Abdulghani kwenye usukani, na nyuma Bi Pushpa na Mira wamefungwa mikanda.

Njia nzima alitafuta la kusema. "Ami, si lazima uingie ndani. Duka utaliachaje?"

"Nimemwachia Hussni auze. Nime-drive mpaka Maplewood, halafu nikae kwenye parking nitazame theluji?" Abdulghani alimwangalia kupitia kioo. "Mbona watoka jasho? Heater nimeizima."

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na kila kitu kilikuwa maji maji. Watoto walivua mabuti, wakakaa. Alice alijikunyata kwenye kiti chake cha pembeni, macho sakafuni. Bi Pushpa alipewa kiti mbele. Abdulghani aliegemea mlango, mikono kifuani, uso umekunjwa kwa sababu hapa kulikuwa na watu asiowajua. Faiza akamwomba Mungu wake, na kwa tahadhari akamwomba na Bi Pushpa amwombe wake, akaanza.

Mabuti ya Savitri yalichekwa. Mtabiri alizomewa. Kisha Faiza akaufungua ukurasa wa Yama.

Halafu mtoto mmoja akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetishwa akafurahi, na soksi za njano zikasogea. Faiza aliziona kwa pembe ya jicho. Zilikuwa zikisogea mbele.

"Rudi nyumbani," akasoma, akilikokota neno kama ami yake anavyolikokota. "Huku nendako hawafuati walio hai." Lakini Savitri anafuata, mabuti yake yakiacha alama kwenye theluji nyuma ya kwato za nyati. Anamsifu Yama kwa haki yake, kwamba tajiri na maskini kwake ni sawa. Yama anajaribu kukaza mdomo. Omba kitu, anasema, chochote isipokuwa uhai wa mumeo. Savitri anaomba macho ya mkwewe kipofu. Nimekupa, rudi nyumbani. Anafuata tena. Anaomba nchi ya mkwewe irudishwe. Nimekupa, rudi nyumbani. Anafuata. Anaomba baba yake, asiye na mwana wa kiume, apate wana mia.

"Nimekupa, rudi nyumbani," wakasema watoto wote kwa pamoja kabla Faiza hajafungua kinywa.

Hakuna mguu uliotikisika, isipokuwa ile ya mstari wa nyuma iliyokuwa ikisogea mbele. Kulikuwa na ombi moja tu lililosalia, lile la mwisho, ambalo mauti atalitoa kwa haraka yake na kujikuta amefungwa nalo. Kwenye ukuta uso wa Yama ulijaa ukurasa mzima, mkubwa kuliko mlango. "Haya, binti. Omba la mwisho," Faiza akasoma, kidole tayari kufungua ukurasa unaofuata.

Mtoto mmoja akageuka nyuma, labda kumtafuta mamake. Akamwona mtu kwenye mlango. Akautazama ukuta, akamtazama tena mtu.

"Ni yeye," akasema.

Vichwa vyote vikageuka. Abdulghani aliwaangalia watoto, akaangalia ukuta. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye masharubu, ukayagusa kama kuhakikisha bado yako kwake. Kisha akafungua mlango akatoka.

Na watoto wakanyanyuka. Si mmoja, si wawili. Walinyanyuka wote kwa pamoja, wakamiminika mlangoni na soksi zao, Mira akiwa mbele, na wazazi wakakimbia nyuma yao wakiwa wamebeba makoti.

Faiza alibaki na ukurasa wake usiosomwa na zulia tupu. Aliona Alice akisimama na kuifunga kalamu yake. Yote yamekwisha, aliwaza, na juu ya hayo amemfedhehesha ami yake.

"Na wewe wasimama nini?" Bi Pushpa alikuwa ameshajiinua kwenye kiti na fimbo yake. "Savitri alisimama?"

Wakatoka. Kwenye uwanja wa magari Abdulghani alikuwa amebanwa mgongo na mlango wa vani lake, watoto wamemzunguka, wamesimama ndani ya theluji iliyoyeyuka. Alipomwona Faiza alisema kwa Kiswahili, polepole, "Ungeniuliza, Faiza."

"Nisamehe, ami. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa. Msikitini watanicheka mpaka Ramadhani." Akavuta pumzi. "Na tumbo umelizidisha."

"Mrudishe Satyavan," mtoto mmoja akamwambia kwa Kiingereza, amemshika mkono wa koti. "Mrudishe," wakadakia wengine.

Abdulghani alitazama kulia na kushoto. Njia haikuwepo. Alikuwa mtu wa duka toka ujana wake, na hakuwahi kumwacha mteja aondoke mikono mitupu, hata aliyekuja kumsumbua. Akaukunja uso. Akatanguliza tumbo. Na kwa Kiingereza chake cha Mombasa akasema, "Ombeni chochote, isipokuwa huyo kijana."

Kelele iliyotoka pale ilisikika mpaka barabarani. Mmoja aliomba kitu kitamu, na Mauti akafungua vani akatoa pakiti za visheti, nimekupa, rudi nyumbani. Mwingine akaomba honi ipigwe. Ikapigwa. Hakuna aliyerudi nyumbani. Wazazi walijaribu kuwavisha makoti na watoto walinyoosha mikono bila kugeuka, macho kwenye masharubu.

"La mwisho," akasema Abdulghani. "Nani ana la mwisho?"

Mira alikuwa bado hajaomba kitu. Hakuujua ukurasa uliobaki. Mara ya kwanza alikuwa kwenye tangi la samaki, na leo hadithi ilikatika njiani. Alimtazama nyanyake aliyesimama mlangoni na shali yake, akihema kidogo kwa zile hatua chache. Akafikiri. Mtu aliyemwona akifikiri vile angefunga duka mapema.

"Nataka vitabu mia vya hadithi za Ba," akasema. "Kama kile cha ukutani. Na kila kimoja Ba anisomee mwenyewe."

"Nimekupa," Abdulghani akasema haraka, kwa mazoea. "Rudi nyumbani."

"Basi Ba huwezi kumchukua," Mira akamwambia. "Mpaka viishe vyote."

Hivyo hivyo Savitri, kwenye ukurasa ambao haukusomwa, anaomba watoto mia wa kuzaa na Satyavan, na Yama akishasema nimekupa hana budi kumrudisha. Abdulghani alimwangalia yule mtoto, na Faiza akauona ule uso kwa mara ya pili, nyusi zimekunjana, mdomo umeshindwa, isipokuwa safari hii macho yalikuwa yamejaa maji na hakujali nani anaona. Bi Pushpa alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Siwezi," akasema Abdulghani. "Umeshinda. Neno langu silirudishi." Akajipangusa kwa kiganja, kisha akamtafuta Alice juu ya vichwa vya watoto. "Lakini mama, vitabu havichapwi dukani kwangu."

Alice alikuwa akitazama chini. Soksi zilikuwa zimelowa mpaka kwenye vifundo, nyekundu, za michirizi, za njano, zimezama ndani ya maji ya baridi yale, na hakukuwa na mguu hata mmoja uliokuwa umeondoka.

"Mia siwezi kuahidi," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na ule ukavu wa kila siku. "Cha kwanza naahidi."

Bi Pushpa hakungoja kutafsiriwa. Alimshika Faiza shingoni, akamvuta, akambusu kichwani juu ya mtandio, na Faiza akalia hadharani bila aibu, akicheka vile vile.

Abdulghani akapiga makofi kuwaswaga watoto ndani kabla hawajapata homa. Bi Pushpa alimshika Mira mkono, wakaufuata mkururo wa soksi zinazochuruzika maji.

"Twende ukaone mwisho wake," akamwambia.

"Mwisho naujua, Ba," Mira akajibu, na akajibu kwa Kiswahili.